Mbuzi wamepitia shamba: mbona mahindi yamerudi na maharage yamekufa?

SWALI: Habari za kazi, bwana shamba. Niko Babati, nina ekari moja na nusu niliyochanganya mahindi, maharage na mbaazi. Siku ya 16 tangu mazao yaote, mbuzi wa jirani waliingia asubuhi, wakashinda humo mpaka saa sita. Walibakiza visiki tu. Mahindi yalikuwa na majani manne. Leo ni siku ya saba tangu waliwe: mahindi karibu yote yametoa majani mapya, mbaazi ndiyo kwanza zinatokeza vichipukizi chini kabisa, ila maharage mengi yamekauka, machache yamechipua ubavuni. Majirani wanasema nilime upya nipande yote. Kijana wangu anasema mahindi yamerudi kwa sababu ni jamii ya nyasi, lakini hawezi kunieleza zaidi ya hapo. Hizi nyasi na mikunde zinatofautianaje hadi iwe hivi, na sasa nifanye nini?

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na la haraka: usilime upya. Mahindi yaache, mbaazi ziache, maharage ndiyo utakayorudishia, na hayo nayo si yote. Kijana wako hajakosea, ila sentensi yake imeishia njiani. Kwa kila mmea uliokatwa kuna swali moja la kuuliza: moyo wake ulikuwa wapi meno yalipopita?

Moyo hapa ni ncha ya ukuaji, kijisehemu kidogo kama punje ya ulezi ambacho ndicho kinachoumba majani, vifundo na baadaye maua. Majani yakiliwa moyo ukabaki, mmea utaumba mengine. Moyo wenyewe ukiliwa, mmea unabaki kutegemea macho ya akiba, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye vifundo, kama unayo, na kama nayo hayakuliwa. Nyasi na mikunde huweka moyo na akiba zake mahali tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona shambani kwako leo.

Kwenye mahindi, hilo bua bado si bua

Chukua mche mmoja wa mahindi, ung'oe pamoja na donge lake la udongo, uoshe, kisha uupasue katikati kwa wembe kutoka juu kushuka hadi mizizini. Utaona kwamba ulichokuwa ukikiita bua ni majani matupu, jani ndani ya jani, yameviringana kama mkeka uliokunjwa. Kila jani la nyasi lina sehemu mbili: ala, ambayo huzunguka mmea na kuusimamisha, na bapa, ambalo huinama nje kupokea jua. Zinapokutana pana mstari uliopauka unaoitwa shingo ya jani. Ukisikia mche una majani manne, maana yake shingo nne zinaonekana. Jani ambalo bado limejikunja ndani ya faneli, ule mviringo wa majani machanga katikati ya mche, halihesabiwi.

Endelea kushuka. Chini kabisa, kama sentimita 2 ndani ya udongo, pale mizizi minene inapoanzia, majani yote yanashikwa na kitu cheupe, kigumu, chenye umbo la koni, kifupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Hiyo ni taji ya mmea, na moyo uko kileleni mwake. Vifundo kadhaa vya bua vimeshaumbwa hapo, lakini vimebanana kama sahani kabatini. Pingili zilizo kati yake bado hazijarefuka. Mbuzi hachimbi udongo kwa midomo. Alichokula kwako ni mabapa na kipande cha juu cha zile ala, basi.

Kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo lililowapa nyasi maisha. Jani la nyasi hukua kutokea shinani kwake, si nchani. Ncha ya bapa ndiyo sehemu kongwe. Sehemu changa inayoendelea kurefuka iko chini, ndani ya ala. Ndiyo maana jani lililokatwa nusu huendelea kusukumwa juu. Jaribu kwenye mche mmoja usio na kazi: ukate jioni kwa kisu kikali vidole viwili juu ya udongo, mkato bapa kabisa. Kesho asubuhi tazama kile kisiki. Duara la nje limebaki pale pale, lakini katikati pamechomoza bomba la kijani lililopanda juu ya mkato. Hakuna jani jipya lililoumbwa usiku ule. Ni majani yaliyokuwamo ndani tayari, yanasukumwa kutoka chini. Kwa hiyo usishtuke ukiona majani ya kwanza kurudi yana ncha butu kana kwamba yamepunguzwa kwa mkasi. Hayo yalikuwa ndani ya faneli mbuzi walipouma. Yatakayofuata yatakuwa na ncha kamili.

Nyasi za Tarangire, hapo jirani yako, huliwa na nyumbu na pundamilia kila mwaka na kila mwaka hurudi kwa utaratibu huu huu. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano na mpunga ni ndugu wa nyasi hizo.

Taji ilifikaje sentimita 2 chini? Hapa kina cha kupanda kinaingia. Punje ya mahindi ikiota, chipukizi lake limevaa ala ngumu yenye ncha kama msumari, na kati ya punje na taji kuna kijishina cheupe kinachorefuka gizani kuisukuma taji juu. Msumari ule ukikaribia uso wa udongo na kuonja mwanga, kijishina husimama kukua, na taji hubaki pale ilipofika, sentimita 2 hadi 2.5 chini ya uso. Ukipanda sentimita 5, taji itakaa hapo. Ukipanda 7, bado itakaa karibu na hapo. Kitakachokuwa kirefu ni kijishina. Lakini ukipanda sentimita 2, taji haina pa kwenda. Itakaa juujuu, mizizi yake itakauka kabla ya kuingia ardhini, mche utayumba na upepo, na mbuzi akiuma atauvuta mzima mzima. Kama katika shamba lako kuna miche iliyong'oka badala ya kukatwa, chunguza punje ilikuwa kina gani.

Mizizi nayo ipo ya aina mbili. Ya kwanza hutoka kwenye punje yenyewe: mzizi mmoja wa mwanzo na mingine michache ubavuni. Hiyo ni ya kuanzia maisha tu. Mizizi ya kudumu hutoka kwenye taji, duru baada ya duru, na mche wenye majani manne uko katikati ya makabidhiano: ghala la wanga la punje limekwisha au karibu, na mizizi ya taji ndiyo inachukua kazi. Kwa hiyo mahindi yako yamerudi kwa mtaji mdogo, sukari iliyobaki kwenye visiki na mizizi. Wiki mbili hizi usiyasumbue.

Kuhusu mavuno: mahindi yakipoteza majani yote katika hatua hii lakini miche yenyewe isife, hasara kwa kawaida ni ndogo, chini ya sehemu moja ya kumi, mradi mvua isikatike. Yangepoteza majani yote wakati mbelewele (maua ya kiume kileleni) zimetoka, usingevuna kitu cha maana. Umri wa mmea siku ya tukio unaamua mengi kuliko ukubwa wa uharibifu unaouona kwa macho.

Maharage yalizaliwa na moyo nje

Haragwe halina msumari wa kupasulia udongo. Linachomoza kwa mgongo. Kijishina kilicho chini ya kotiledoni, yaani vile vipande viwili vinene vya mbegu, hukunja kiwiko. Kiwiko ndicho kinachopasua udongo, kisha hunyooka na kuzivuta kotiledoni zote mbili hadi juu, moyo ukiwa umebanwa katikati yake. Tangu siku linapoota, moyo wa haragwe uko hewani. (Ndiyo sababu pia udongo ukiganda baada ya mvua kubwa unaona vijiti visivyo na kichwa: kiwiko kimevuta, kotiledoni zimenaswa na gamba la udongo, shingo imekatika. Mahindi hupita kwenye udongo ule ule kwa msumari wake bila shida kubwa.)

Hata hivyo haragwe lina akiba, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kila mahali jani linapoungana na shina, kwapani pale, kuna jicho. Sasa inama shambani utazame visiki vyako, kwa sababu vimekatwa katika vimo vitatu na kila kimo kina hatima yake.

Tafuta kwanza makovu mawili yanayotazamana kwenye shina, sentimita chache juu ya udongo. Hapo ndipo kotiledoni zilipokuwa. Siku 16 huwa zimeshasinyaa au zimeanguka. Kisiki kilichokatwa chini ya makovu hayo hakina jicho hata moja. Kati ya makovu na mzizi hakuna kifundo chochote, kwa hiyo hakuna kitakachochipua hata ukimwagilia maji ya kisima kizima. Hayo ndiyo yaliyokauka.

Kisiki kilichokatwa juu ya makovu lakini chini ya majani ya kwanza kina macho mawili kwenye makwapa ya kotiledoni. Macho hayo ni madogo na huamka taratibu. Mmea huo utakuwepo, ila utachelewa kutoa maua na utakuwa dhaifu.

Kilichokatwa juu ya majani ya kwanza ndicho cha kutegemea. Majani mawili ya kwanza ya haragwe hukaa yakitazamana na kila moja ni bapa zima, si vijani vitatu kama yanayofuata. Makwapani mwake mna macho mawili yenye nguvu. Ukiona shina limegawanyika kama manati, chipukizi kushoto na kulia, huo ni mche wa aina hii, na utazaa.

Aina ya maharage nayo ina neno. Maharage mafupi ya kusimama yana vifundo vichache na shina lake huishia kwenye maua. Ukipunguza vifundo umepunguza maganda moja kwa moja. Ya kutambaa au ya kupanda miti huendelea kuongeza vifundo, kwa hiyo hujirudi vizuri zaidi kama yamebakiwa na jicho.

Halafu kuna hasara isiyoonekana. Mkunde hupata naitrojeni kupitia vinundu kwenye mizizi, ambamo bakteria wa rizobia huishi wakilishwa sukari inayotoka kwenye majani. Majani yakiliwa ghafla, chakula cha vinundu hukatika, na sehemu kubwa husimama kazi au huoza. Utajuaje? Chimba (usivute, vitabaki ardhini) mche mmoja uliochipua, chagua kinundu kikubwa, ukipasue kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama nyama, kinafanya kazi. Pakiwa peupe, bado hakijaanza au kimelala. Kijani au kahawia, kimezeeka. Kama vinundu vingi ni vyeupe au vimenyauka sasa, usikimbilie kuweka urea kwenye maharage. Mmea ukipata naitrojeni nyingi ya mfuko wa mbolea hauoni sababu ya kulisha vinundu vipya. Majani yakirudi, vinundu vipya hutokea vyenyewe.

Mbaazi ni mkunde, mbona nayo imerudi?

Hapa ndipo maelezo ya "nyasi hurudi, mikunde hufa" yanapovunjika. Mbaazi huacha kotiledoni zake ardhini. Kinachopanda juu ni chipukizi la juu ya kotiledoni, si lile la chini. Kwa hiyo kifundo cha kotiledoni, pamoja na macho yake, kiko ndani ya udongo mahali ambapo mbuzi hafiki. Vichipukizi unavyoviona "chini kabisa" vimetoka hapo.

Dengu na njegere ziko kundi moja na mbaazi. Kunde, choroko na soya ziko kundi la maharage. Karanga iko katikati: kotiledoni zake huishia usawa wa uso wa udongo. Ukilijua zao lako liko upande gani utajua la kutarajia likiliwa, likipigwa na mvua ya mawe, au likikatwa na sota, yule kiwavi anayekata miche. Sota huuma shina usawa wa udongo au chini kidogo. Akikata haragwe amelimaliza, akikata hindi juu ya taji hindi linarudi, akikata chini ya moyo hakuna kitu.

Mbaazi yako itakuwa na mashina mawili matatu badala ya moja. Hakuna ubaya. Mbaazi za muda mrefu hukua polepole miezi ya mwanzo na huvunwa baada ya mahindi kutoka, kwa hiyo zina muda wa kulipa deni. Hofu yangu kwake ni magugu na jembe la haraka tu. Kichipukizi kile kidogo hakionekani vizuri, na wapaliliaji wengi watakipitisha kama gugu. Weka vijiti kwenye mashimo ya mbaazi kabla ya kupalilia.

Sasa kazi ya wiki hii

Anza kwa kuhakikisha kwamba mahindi yaliyorudi yana moyo mzima, usihukumu kwa rangi ya juu. Tembea shamba kwa mshazari, chimba miche 10 kutoka sehemu tofauti, ukichanganya iliyotoa majani na isiyotoa. Ipasue kama nilivyoeleza. Moyo mzima ni mweupe au wa krimu na ni mgumu ukiugusa kwa ncha ya kisu. Ukiwa wa kahawia, laini, wenye majimaji au harufu, umekufa. Siku saba zinatosha kutoa hukumu. Mche ambao mpaka leo haujasukuma chochote, usiusubiri.

Utakuta pia miche ambayo katikati pamekufa lakini ubavuni, chini, kumetoka vichipukizi viwili vitatu. Hayo ni macho ya vifundo vya chini, mahindi nayo yanayo. Kwa mpunga, ngano na uwele machipukizi ya pembeni ni sehemu ya mavuno. Kwa mahindi ni tamaa: mara nyingi huishia kutoa mbelewele, pengine na punje chache juu kwenye mbelewele yenyewe, mahali ambapo ndege na mvua vitaziharibu. Mche wa namna hiyo uhesabu kuwa haupo.

Kisha hesabu. Kama mistari yako ya mahindi iko sentimita 75, mita 5.4 za mstari ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Kata kamba ya urefu huo. Ukiwa ulipanda mche mmoja kila sentimita 30, kamba iliyojaa ina miche 18, sawa na 18,000 kwa ekari. Pima sehemu 10, upate wastani. Ikibaki 12 au zaidi na imetawanyika vizuri, usiguse. Ikiwa 9 hadi 11, bado ningebaki na mahindi yaliyopo, nafasi nikazijaza mikunde. Chini ya hapo, na kama mvua bado ina miezi ya kutosha kwa mbegu yako, ndipo kulima upya kunaanza kuwa na maana. Kwa maelezo yako hujafika huko.

Usirudishie mahindi kwenye mapengo. Najua mkono unawasha. Mche wa leo utakuwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya wiki tatu. Utakua kivulini mwao, utarefuka mwembamba, utatoa mbelewele na gunzi tupu, huku ukila mbolea na maji kama wengine. Pengo la mahindi lijaze maharage.

Maharage yapande upya kwenye mstari wa katikati, si kwenye mashimo ya zamani tu. Kina ni sentimita 3 hadi 4, na usizidi 5, maana lile haragwe lina mzigo wa kuvuta juu. Weka mbegu mbili kila sentimita 20. Kwa ekari nzima yenye mstari mmoja kati ya mistari ya mahindi, hiyo ni kama mashimo 27,000, na mbegu 54,000. Ukiwa na mbegu kubwa ambazo punje 100 zina uzito wa gramu 45, ni takriban kilo 24. Wewe hutahitaji zote: miche iliyochipua kama manati iache, iliyochipua kwenye makovu ya kotiledoni iachie pale tu ambapo hakuna jirani mzuri. Chagua mbegu ambazo ganda halijapasuka na kitovu, lile kovu la pembeni, hakijang'oka. Mbegu iliyopasuka hunywa maji kwa pupa na kotiledoni hukatika ndani ya udongo.

Ukiona mvua zimebaki chache kuliko siku 75 hadi 90 ambazo maharage mengi yanahitaji, panda kunde au choroko badala yake. Hizo huvumilia ukame zaidi, na aina za muda mfupi hukomaa mapema.

Majani ya mahindi yaliyochanika na kukauka nchani usiyakate kwa panga eti kuyasawazisha. Bado yana sehemu ya kijani na kila sentimita ya kijani ni chakula, na mkato mpya ni mlango wa bakteria. Pengine utakuta faneli imefungwa na jani kavu lililojikaza kama kilemba, majani ya ndani yamepinda yakitafuta pa kutokea. Mengi hujifungua yenyewe ndani ya siku chache, upepo ukisaidia. Kama ni michache, vuta kwa vidole ile ncha kavu tu, taratibu. Ukivuta kwa nguvu utang'oa faneli nzima pamoja na moyo, nawe utakuwa umemalizia kazi ya mbuzi.

Palilia kwa kina kifupi, sentimita 3 hadi 5, na karibu na mche tumia mkono. Mizizi ya taji iko juujuu na ndiyo mmea unayoitegemea sasa. Kwa maharage mapya, wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota pandishia udongo shinani. Funza wa maharage huharibu shina pale chini, na shina lililofukiwa hutoa mizizi mipya juu ya jeraha, hivyo mmea ambao ungenyauka hupata njia nyingine ya maji.

Mbolea ya kukuzia usiweke leo. Subiri mahindi yawe na angalau majani mawili mapya yaliyofunguka, kisha mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea kwa ekari, kwenye udongo wenye unyevu, sentimita 10 kutoka shinani, na uifukie. Ikimwagika ndani ya faneli itaunguza majani yale yale unayoyabembeleza.

Kagua faneli mara mbili kwa wiki. Majani yanayorudi ni laini, na viwavijeshi vamizi hupenda faneli changa. Kiwavi akishuka ndani na kufika kwenye moyo, jani la katikati hunyauka na ukilivuta linatoka lenyewe, limeoza chini. Kwa mche huo ni sawa na kuliwa na mbuzi aliyeweza kuchimba. Miche 20 kati ya 100 ikiwa na majani mapya yenye matobo na vinyesi vibichi, piga dawa iliyoidhinishwa, jioni, ukilenga ndani ya faneli.

Kwa jirani yako kuna jambo moja: kama kando ya mahindi pana mtama uliokatwa nao umechipua, asiwaachie mbuzi waukaribie. Machipukizi machanga ya mtama yana sianidi, na mbuzi mwenye njaa anaweza kufa humo ndani ya muda mfupi.

Na uzio uwe wa wiki hii, usingoje mavuno. Hindi likifikisha majani sita, pingili huanza kurefuka, zile sahani kabatini hutengana, na moyo hupandishwa juu ya udongo pamoja na mbelewele ndogo ambayo tayari imeanza kuumbika ndani yake. Kuanzia hapo hindi halina tofauti na haragwe lililokatwa chini ya makovu: mbuzi wale wale wakirudi, watakula moyo. Shamba lako liko kati ya jani la tano na la sita sasa. Kuhesabu kutakuwa kugumu kwa kuwa shingo nyingi zimeliwa, kwa hiyo pasua mche mmoja kila baada ya siku tatu, weka rula sambamba na pale udongo ulipoishia, uone moyo umefika wapi.